Mgongo wa Mkwe

Tangu siku mkwe wake alipompokea uwanja wa ndege, Mama Sindano alikataa katakata kukaa mbele. Mkwe alimfungulia mlango wa upande wa abiria, akapangusa kiti kwa kiganja, akasimama kando akitazama chini. Mama Sindano akapita kama hakuona. Akazunguka hadi mlango wa ubavuni, akapanda vidaraja vya chuma na kuketi kwenye benchi dogo lililotazama nyuma. Mama mkwe na mkwe kukaa bega kwa bega, magoti yakikaribia kugusana kila gari linapokata kona, hakulelewa hivyo. Tena kiti kile kilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa kitindamimba wake. Nyumbani walimwita Redio, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza, hata usingizini. Yeye na mumewe walikuja nchi hii ya watu kufanya kazi za mashambani. Redio alichuma matunda na mumewe alitengeneza mabomba ya kumwagilia. Matunda yakiisha bonde hili wanahamia bonde jingine, na nyumba yao inakwenda nao, maana nyumba yenyewe ilikuwa gari. Lilikuwa gari refu jeupe, na ndani mlikuwa na kitanda, jiko dogo la gesi, sinki, kabati na choo cha kujibanza. Redio alilipa jina la Konokono. Kila alipopiga simu nyumbani alianza na habari za Konokono, leo amekwama matopeni, leo amevuja, leo amepakwa rangi.

Mwaka uliopita, majani ya miti yalipokuwa yakipukutika, homa ya mapafu ilimkamata Redio akiwa kazini. Haikumpa nafasi. Kumrudisha kwao kukashindikana, akazikwa hukohuko, katika mji mdogo wa bondeni walipokuwa wakifanya kazi. Mama yake alihangaikia kibali cha kuingia nchini miezi yote ya baridi, na alipokipata kilikuwa cha siku chache tu. Hakuja kutembea. Alichofuata kilikuwa kitu kimoja, kuliona kaburi la mwanawe kwa macho yake mwenyewe, kisha arudi kwa wajukuu na cherehani yake.

Siku za mwanzo zilipotea wakisubiri msimamizi wa shamba ampe mkwe ruhusa. Hatimaye Konokono akang'oa nanga. Kutoka shambani hadi mji ule si mbali, mtu akiamka mapema analala huko. Wao walikuwa njiani siku ya nne.

Tatizo lao lilikuwa hawajui kuzungumza. Si kwamba walichukiana, la hasha. Mama Sindano alimpenda mkwe wake tangu posa. Ila miaka yote maneno yao yalipita kwa Redio. "Mama, mkweo anakusalimu," Redio angesema kwenye simu. "Mwambie nimeitikia." "Anauliza mgongo unaendeleaje." "Mwambie upo palepale." Na mkwe alikuwa ameketi hapohapo pembeni, anasikia kila neno, lakini anasubiri aambiwe. Redio alikuwa akicheka mpaka anakohoa. "Nyie mna lugha moja mnahitaji mkalimani," alikuwa akisema. Sasa mkalimani hayupo, wamebaki wawili ndani ya chumba chenye magurudumu.

Wakawa wanaishi kwa kukwepana. Asubuhi mkwe aliteremka nje ili mama mkwe ajitengeneze. Chai alimtilia, akaiweka mezani, akanywea ya kwake kwenye usukani. Usiku alilala amekunjamana kwenye kiti cha dereva, ameteremsha pazia, na alikohoa kabla ya kujigeuza ili asije akamshtua mama wa watu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umelala?"

"Nimelala vizuri."

Uongo mtupu. Shingo ilikuwa imempinda kama bomba la sinki.

Nchi ilikuwa imeingia majira ya kuchipua. Mama Sindano aliposikia jina hilo alidhani ni majira ya upole. Miti kweli ilikuwa imevaa maua meupe, na nyasi zilikuwa changa kama za kuchora. Lakini mbingu zilikuwa na wazimu. Asubuhi jua, mchana mvua ya mawe, jioni jua tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Mkwe alieleza kwamba ndivyo baridi inavyoaga huku. Haiondoki kimya, inatoka ikipiga milango.

Siku ile ya nne ikapiga kweli. Baada ya chakula cha mchana mawingu yalishuka yakawa rangi ya chuma. Upepo ukaanza kumsukuma Konokono ubavuni, vikombe vikagongana kabatini, na Mama Sindano, aliyekuwa akitazama barabara ikibaki nyuma, akaona mti mzima unalala chini polepole, kama mtu aliyechoka.

"Baba, mti umeanguka nyuma yetu."

"Nimeuona, Mama. Kuna uwanja wa magari haya hapo mbele. Tutaingia."

Uwanja wenyewe ulikuwa juu ya mlima mdogo, nyasi tupu na vibanda vya maji. Mwenye uwanja alikuwa mama wa makamo, mnene, amevaa buti za mpira mpaka magotini. Aliwaonyesha kwa tochi mahali pa kuegesha, ukuta wa bafu ukiwakinga na upepo, kisha akakimbia kuokoa vitu vyake. Mkwe akafunga mtungi wa gesi kwa kamba, akaweka mawe kwenye magurudumu, akaanza kukunja turubai la ubavuni. Hakuwahi. Upepo ulilinyakua mikononi mwake likapaa na fito zake, likagonga paa, likapotea. Kisha mvua ya mawe ikamwagika, mawe makubwa kama vifungo vya koti. Mama Sindano alidhani bati linatoboka.

Alisubiri mlango ufunguliwe. Haukufunguliwa. Akapangusa mvuke kwenye kioo cha dirisha, akamwona mkwe amejibanza chini ya ukingo wa bafu, mikono kwapani, maji yakimchuruzika kutoka nywele hadi viatu. Funguo za mbele zilikuwa juu ya meza, amezisahau. Njia ya kuingia ilikuwa moja tu, mlango wa ubavuni, na humo ndani mama mkwe alikuwa amekwishavua mtandio na kujifunika shuka. Bila shaka aliona hivyo kupitia dirishani. Ndiyo maana hakubisha hodi.

Mama Sindano akafungua mlango. Upepo nusura umpokonye.

"Ingia ndani!"

"Niko sawa, Mama."

"Sawa gani hiyo unatetemeka meno?"

"Itapita sasa hivi."

"Wewe! Nimezikiwa mmoja sikumwona. Wewe unataka nikuzike nikikutazama dirishani?"

Mkwe akaingia. Aliketi kwenye kidaraja cha ndani, uso ameuelekeza mlangoni, mgongo kwa mama mkwe, kama mtoto aliyeadhibiwa. Mama Sindano akamtupia taulo. Akamtupia na blanketi. Kisha akawasha jiko, na yeye akamgeuzia mgongo ili mtoto wa watu abadilishe shati. Wakakaa hivyo, wamepeana visogo, gari likiyumba kama kitanda kibovu, mpaka chai ikachemka.

"Redio aliogopa mawe haya," mkwe akasema ghafla.

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja tangu uwanja wa ndege. Mama Sindano aliacha kijiko ndani ya kikombe.

"Alifanyaje?"

"Alikuwa anaongea kwa sauti kubwa zaidi."

Dhoruba iliendelea hadi karibu na alfajiri.

Asubuhi ilikuwa tulivu, baridi, angani hakuna hata uzi wa wingu. Maua yote meupe yalikuwa chini, yamegandana na matope. Mama Sindano alivaa gauni lake jeusi alilolishona kwa ajili ya siku hii, akajifunga mtandio vizuri. Hii ndiyo ilikuwa siku. Kesho yake lazima wageuze gari warudi uwanja wa ndege, kibali chake hakikuwa na siku ya ziada. Na mji ulikuwa palepale chini, ng'ambo ya mto. Paa zake zilionekana.

Mwenye uwanja alikuja na buti zake akiwa ameshika kikombe. Alizungumza na mkwe kwa lugha yao. Alizungumza sana. Alinyoosha mikono, akaonyesha mto, akaonyesha mbingu, akashika kiuno, akatikisa kichwa. Mkwe aliitikia, kisha akamgeukia mama mkwe.

"Anasema barabara imefungwa."

"Na nini tena?"

"Ndiyo hayo."

"Mama wa watu kaongea mpaka chai yake imepoa, wewe unanipa maneno matatu? Angekuwepo mwanangu, saa hizi ningeshajua mpaka jina la paka wake."

Tabasamu lilitaka kumtoka mkwe, likarudi. "Anasema mto umefurika usiku. Daraja ni zima, ila barabara kabla ya daraja imejaa maji. Magari hayaruhusiwi. Inaweza ikachukua siku kadhaa."

"Malizia. Usinichujie."

Mkwe aliutazama mto. "Anasema tungekuja jana asubuhi tungepita bila shida."

Mwenye uwanja aliwatazama, akaona mambo si mazuri, akaenda zake.

Mama Sindano aliketi kwenye kidaraja cha Konokono. Jana asubuhi alikuwa wapi? Alikuwa kando ya ziwa moja zuri, jua linawaka, ameanika mashuka kwenye kamba. Mashuka yale hayakuwa machafu.

"Jana nilifua," akasema. "Nilifua nguo safi."

"Mimi ndiye niliyesema jua ni zuri la kufulia."

"Kwa nini ulisema hivyo?"

Mkwe alikuwa akichimba matope kwa ncha ya kiatu. Ungedhani amepoteza kitu humo.

"Nilidhani hujawa tayari, Mama. Ulipofika hukuniuliza kaburi liko wapi. Hukuniuliza alivyokufa. Ulisema neno moja tu, twende taratibu. Nikasema moyoni, huyu mama anaogopa, nisimburuze. Ndiyo maana nikashika njia ya ziwani. Ni ndefu, lakini nilitaka upate muda."

"Nani alikuambia mimi naogopa?"

"Hukusema, Mama."

"Na wewe hukuuliza! Taratibu ilikuwa ya kwako, siyo yangu. Nakaa nyuma, nageuka nakuona kwenye kioo. Kila kibao chenye jina la mji ule kikitokea unabana usukani kama unataka kuung'oa. Siku ya kwanza ulikosea njia mara mbili, mtu mwenye njia yake. Nikajua huyu kijana bado. Nikatafuta sababu za kukusimamisha. Mara chai, mara mgongo, mara kufua."

"Mgongo haukuwa unauma?"

"Mgongo unauma tangu nilipomzaa kaka yao mkubwa, lakini haujawahi kunizuia safari."

Chini kule mto ulikuwa unanguruma. Kila mmoja alimstahi mwenzake, akamwachia nafasi, akamsubiri, na heshima hiyo ikawala siku tatu nzima. Hapakuwa na wa kumlaumu. Mama Sindano alitamani sana awepo wa kumlaumu. Angemfokea mtu akatulia. Badala yake machozi yalimjia, ya hasira, akayafuta kwa nyuma ya mkono kabla hayajafika shavuni.

"Redio angetupigia kelele," mkwe akasema.

"Redio angetufikisha siku ya kwanza."

Akanyanyuka. Akakung'uta gauni.

"Kwa miguu ni mbali?"

"Si mbali. Ni kuteremka huu mlima, kuvuka daraja, makaburi yako juu kidogo upande wa pili. Lakini yale maji, Mama."

"Twende tukayaone. Maji nayo yana adabu zake, huenda yanatusubiri."

Waliteremka polepole, yeye mbele, mkwe nyuma hatua kadhaa. Barabara ilikuwa imejaa matawi na vipande vya vigae. Mwisho wa mteremko, barabara iliingia majini na kupotea. Mbele, umbali wa kama uwanja wa mpira, ilitoka tena, nyeusi na safi, ikapanda darajani. Mashamba ya pande zote yalikuwa ziwa. Maji yenyewe yalikuwa yametulia, rangi ya chai ya maziwa, yamesimama tu pale. Mkondo ulikuwa mbali zaidi, chini ya daraja. Wafanyakazi wa barabara wenye makoti ya njano walikuwa wamefunga kamba kwenye vigingi vyeupe vya ukingoni, na mmoja alikuwa akipima kina kwa fimbo.

Mkwe akaenda kuzungumza naye. Safari hii alirudi na maneno yote, neno kwa neno, kama anayesoma.

"Anasema maji yanafika magotini, palipo na kina zaidi ni mapajani. Ni baridi kama barafu. Upande wa kulia lami imeliwa, ndiyo maana magari yamezuiwa. Upande wa kamba ni imara. Mtu mzima mwenye nguvu anaweza kupita akishika kamba. Wenyewe wanapita. Wazee hapana."

"Ameniona?"

"Amekuona, Mama. Ameangalia na magoti."

"Mkosa adabu."

Aliyatazama maji. Magoti yake yalikuwa ya kukanyagia cherehani. Kwenye ngazi tu yanalia. Katika maji yale angefika nusu ya njia, yakagoma, akakaa chini mbele ya watu wa makoti ya njano. Aliinua macho. Juu ya paa za mji, kwenye mteremko wa kijani, aliona ukuta mfupi wa mawe na miti myembamba imejipanga. Hakuhitaji kuuliza. Mkwe naye alikuwa anatazama hukohuko.

"Nenda wewe," akasema. "Mwambie nilifika mpaka hapa."

Mkwe alivua koti akalifunga kiunoni. Akavua viatu, akavifunga kamba na kuvitundika shingoni. Kisha akaja mbele ya mama mkwe, akampa mgongo, akachuchumaa.

"Nini hicho?"

"Panda, Mama."

"Una wazimu? Mimi nipande mgongo wa mkwe wangu? Watu watasemaje?"

"Watu gani? Hapa hakuna anayetujua."

"Mimi najijua."

Alibaki amechuchumaa. Mfanyakazi wa fimbo aliacha kupima akawatazama, kisha kwa heshima akageukia upande wa pili. Mama Sindano alisimama pale na maisha yake yote. Alikuwa hajawahi kumshika mtu huyu hata mkono. Siku ya harusi alimsalimu kwa mbali, na siku ya msiba walilia kwenye simu, kila mmoja upande wake wa dunia, Redio hayupo wa kuwapokelea.

"Mama," mkwe akasema, bado anatazama maji. "Nilimbeba yeye hivi hivi kutoka shambani mpaka kwenye gari. Siku ile. Hakuwa na uzito wowote. Nawe ninakuweza."

Mama Sindano alijifunika mtandio usoni, kwa maana kama ni aibu basi aifanye akiwa gizani, akamwekea mikono mabegani.

"Nikianguka," akasema, "usimwambie mtu yeyote nyumbani."

"Nitasema tulipita kwa gari."

Akanyanyuka naye. Alihema kidogo, akamweka sawa kama mtu anavyoweka mzigo ambao hautakiwi kusumbuliwa, akaingia majini. Mama Sindano alisikia miguu yake ikipiga maji, tsa, tsa, na pumzi ikikatika kwa baridi. Mkono mmoja ulishika kamba, mwingine ulikuwa umembana yeye chini ya goti. Baada ya hatua kadhaa mtandio uliteleza wenyewe hadi shingoni. Hakuweza kuurudisha bila kuachia bega, akauacha.

Mbele ya macho yake, karibu mno, ilikuwa kola ya shati la mkwe. Ilikuwa imechanika zamani ikashonwa, uzi mweusi kwenye kitambaa cha buluu. Mshono mbaya, umepinda, sindano imeingia mara tatu palipohitaji mara moja, na mwishoni fundo kubwa kama punje ya mtama. Alilijua fundo lile. Miaka mingi alimpiga Redio vidole kwa ajili ya fundo lile. "Mama, lisipoonekana nitajuaje kama limeshika?" ndivyo alivyokuwa akijibu. Mama Sindano alilitazama fundo njia nzima. Hakuligusa.

Katikati, pale kwenye kina, mkwe alisimama. Maji yalimfika mapajani. Mgongo wake ulianza kutikisika, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu, na Mama Sindano, kifua chake kikiwa juu ya mgongo huo, akajua haikuwa baridi.

Hakuna mtu aliyewahi kumfundisha mwanamke neno la kumwambia mkwe aliye chini yake anayelia katikati ya maji.

"Lia tu, mwanangu," akasema. "Lakini usisimame. Utaganda."

Mkwe akalia, na hakusimama. Akaenda hivyo, kamba mkononi, mpaka lami ikatokea chini ya miguu yake na maji yakabaki nyuma. Akachuchumaa. Mama Sindano akashuka. Kila mmoja akajishughulisha na vitu vyake kwa muda, huyu na viatu, yule na mtandio, na kukohoa kwingi.

Makaburi yalikuwa madogo, yamepangwa kwa mistari kwenye mteremko. Dhoruba ilikuwa imepita na humo. Maua ya watu yalitapakaa, misalaba miwili ilikuwa imeinama, na tawi kubwa lilikuwa limelala kwenye njia. Mkwe alitangulia sasa. Alipita mstari wa kwanza, wa pili, akafika mwisho kabisa karibu na ukuta, akasimama ghafla, akafunika mdomo kwa mkono.

Kaburi lilikuwa limedidimia.

Kibao cha mbao kilikuwapo, na jina lake lote, lile la shuleni ambalo hakuna aliyemwita. Lakini udongo ulikuwa umezama katikati, shimo refu kama susu ya mtoto, na chini ya shimo maji ya matope yalikuwa yametuama, maua meupe yakielea juu yake.

"Samahani, Mama," mkwe akasema. "Samahani. Nililijaza vizuri. Nilikuja kabla ya barafu nikaongeza. Ni hii mvua. Barafu imeyeyuka, halafu hii mvua. Sikutaka ulione hivi. Nilitaka ulikute zuri."

Mama Sindano alipiga magoti ukingoni, magoti yale yale yaliyokataa maji, akatazama ndani.

Nyumbani msiba ulikaa siku zake. Watu walikuja, walilia, walipika, wakaondoka. Alikaa katikati ya wanawake, miguu ameinyoosha, wakimshika mabega na kumwambia ajikaze, na muda wote alijiona kama mgeni kwenye matanga ya mtu mwingine. Hakujua kwa nini. Hakumwosha mwanawe, hakumvisha, hakushona hata kipande cha sanda, hakusikia udongo wa kwanza ukianguka. Kila kitu kilifanywa na watu wengine, mbali, katika lugha nyingine, na yeye akaletewa habari kwamba kimekwisha. Alikuja huku akijua kwamba atakachokikuta kimemalizika. Atasimama, ataangalia, atarudi.

Sasa palikuwa na shimo.

"Udongo unapatikana wapi?" akauliza.

"Mama?"

"Udongo, baba. Wa kujazia."

Mkwe alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza labda, mama mkwe na yeye macho kwa macho. Kisha akaenda nyuma ya kibanda cha mtunza makaburi, akarudi na toroli la udongo mweusi, koleo na ndoo. Walianza na maji. Mkwe aliteka kwa ndoo akayamwaga ng'ambo ya ukuta, mpaka ikabaki tope. Maua Mama Sindano aliyaokota mojamoja akayaweka pembeni. Ilipofika zamu ya udongo mkwe aliinua koleo, akasita, akamnyooshea yeye.

Hakulichukua. Alikunja mikono ya gauni lake jeusi mpaka viwikoni, akaingiza mikono yote miwili ndani ya toroli. Udongo ulikuwa wa baridi, mzito, wenye harufu ya mizizi. Akachota, akauteremsha taratibu, hakuutupa, kama anayelaza kitu kilichosinzia. Akachota tena. Hapo sauti ikamtoka, ile ambayo haikutoka siku zote za matanga, ndefu, haina maneno. Mkwe aliweka koleo chini, akapiga magoti upande wa pili, akachota naye.

Toroli la kwanza liliisha, na la pili. Upepo ulianza kuvuma tena na wingu moja jeusi likachungulia juu ya mlima, juu kabisa pale walipomwacha Konokono. Udongo ulikuwa umelingana na ukingo sasa, mweusi, umenyooka. Mkwe alipangusa mikono kwenye suruali iliyolowa.

"Inatosha, Mama. Imesawazika."

Mama Sindano alikuwa akipita na viganja juu ya udongo, anagandamiza kuanzia kichwani kuja miguuni, anatafuta kwa vidole mahali palipo laini.

"Haijatosha. Mvua ikinyesha utazama. Inua uwe mlima." Alielekeza kwa kidevu, mikono haikutoka kwenye kazi. "Lete jingine. Anza huku, huku kwenye miguu bado."

Mkwe akashika toroli akaenda.